Oili ya Sinthetiki au ya Kawaida? Mazungumzo na Wenye Magari wa Nchi ya Chai

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wenye magari, madereva na wahudumu wa bodaboda. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu madereva na vijana wa bodaboda, asanteni kwa kuja licha ya mvua. Najua wengine wenu mmeacha majani kituoni yakisubiri kupimwa, kwa hivyo sitawaweka hapa hadi jioni.

Swali nililoletewa ni hili: je, mtu anunue oili ya sinthetiki ambayo ni ghali, au abaki na ile ya kawaida ambayo baba zetu walitumia? Mimi si makanika. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali kisha kuwaletea majibu kwa lugha tunayoelewana. Lakini swali hili lina historia nyumbani kwetu, na nitaanza na hiyo.

Nilipokuwa shule ya upili, baba alikuwa na pikapu ya dizeli. Pikapu hiyo ilibeba majani chai, kabichi, saruji, na usiku ilibeba wagonjwa wa jirani. Mwaka mmoja bonasi ya Oktoba ilipoingia, mzee aliamua kuitunza pikapu yake. Akanunua mtungi wa oili ulioandikwa sinthetiki kwa maandishi makubwa. Aliuziwa kando ya barabara, kwa nusu ya bei ya dukani. Alirudi nyumbani akiwa na furaha kama mtu aliyepata ng'ombe kwa bei ya mbuzi.

Wiki tatu baadaye, akipanda mlima na mzigo, injini ilinoki. Fundi alipoomba kuona oili iliyobaki mtungini, aliimimina kwenye sahani nyeupe. Ilikuwa oili ambayo haijawahi kuingia kwenye injini yetu, lakini tayari ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na chini ya mtungi mlikuwa na tope. Ilikuwa oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye mtungi wa kifahari. Bonasi iliyokuwa ya karo ikaenda kwa beringi na kranki. Mimi nilikaa nyumbani wiki mbili nikichuma chai huku wenzangu wakiendelea na masomo.

Nimewaeleza hayo kwa sababu mzee alijibu swali la sinthetiki au kawaida, na alichagua sinthetiki. Lakini kulikuwa na maswali mengine ambayo hakuyauliza. Leo tuyaulize yote.

Tofauti iko wapi?

Oili zote za injini zina sehemu mbili. Ya kwanza ni oili ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kopo. Ya pili ni dawa zinazochanganywa humo: za kusafisha, za kuzuia kutu, za kupunguza kusagika na za kuua asidi.

Oili ya kawaida, ambayo wengine huiita oili ya madini, hutokana na mafuta ghafi. Yanachemshwa kiwandani, yanatenganishwa na kusafishwa. Ndani yake hubaki chembechembe za ukubwa tofauti, kama majani yaliyochumwa bila kuchaguliwa: majani mawili na chipukizi yako humo, lakini pia kuna jani gumu na kijiti.

Oili ya sinthetiki hutengenezwa ili chembechembe zake zifanane. Kwa sababu hiyo haiwi nzito sana ikiwa baridi, haiwi nyepesi sana ikiwa moto, haivukizi haraka, na inachukua muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka tope. Katikati kuna ile inayoitwa nusu sinthetiki, ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili. Kampuni nyingi haziandiki kwenye kopo ni kiasi gani cha kila moja kilichomo.

Hata neno sinthetiki lenyewe lina mambo yake. Miaka ya 1990 kule Marekani, kampuni mbili kubwa, Mobil na Castrol, zilibishana. Castrol ilikuwa ikitumia oili iliyotokana na mafuta ghafi lakini iliyobadilishwa sana kiwandani kwa haidrojeni na joto, na kuiita sinthetiki. Mobil ilisema sinthetiki ya kweli ni ile iliyojengwa upya kutoka kwa kemikali ndogo ndogo. Mwaka 1999 chombo cha kuamua malalamiko ya matangazo kiliiruhusu Castrol iendelee kutumia neno hilo. Tangu hapo, sehemu kubwa ya oili inayouzwa duniani kwa jina la sinthetiki ni ya aina hiyo ya Castrol. Si vibaya, kwani ni oili nzuri. Lakini mjue kwamba neno sinthetiki peke yake halitoshi kukuambia kilichomo.

Je, inafanya kazi vizuri kuliko ya kawaida? Ndiyo. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima oili za aina zote mbili kwa majaribio manane yanayotumiwa na sekta hiyo. Sinthetiki zilifanya vizuri zaidi kwa wastani wa karibu asilimia 50. Chama hicho hicho kilisema kwamba oili ya kawaida inatosha kwa gari ambalo mtengenezaji hakudai sinthetiki, mradi ibadilishwe kwa wakati.

Namba na herufi za kwenye kopo

Kabla ya kuangalia neno sinthetiki, angalia mambo mawili.

La kwanza ni namba kama 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Hizi hupangwa na chama cha wahandisi wa magari kiitwacho SAE. Mafundi wetu huziita uzito wa oili. Namba ya kwanza yenye W inahusu baridi, kwani W inasimamia majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Namba ya pili inahusu oili ikiwa imepata moto. Ikiwa ndogo, oili ni nyepesi.

Matangazo mengi husifu sinthetiki kwa kuwasha gari kwenye baridi kali. Huko kwao ni kweli. Lakini oili ya 15W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Sisi hapa, asubuhi ya Julai yenye ukungu, kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 10 au pungufu kidogo. Ni baridi ya kuvaa sweta, lakini barafu haijafika. Kwa hivyo mtu asikuuzie sinthetiki kwa sababu ya baridi ya Kericho peke yake.

Namba hiyo ina maana kwa sababu nyingine. Injini za kisasa zimejengwa na mianya myembamba sana ya kupitisha oili. Zile zenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu, kama VVT-i ya Toyota, hutumia msukumo wa oili kuendesha mfumo huo. Kama kifuniko cha oili kimeandikwa 0W-20 au 5W-30, halafu ukatia 20W-50 kwa sababu fundi amesema nzito ndiyo hulinda, unailazimisha injini inywe uji kwa mrija. Wengi tumenunua magari yaliyotumika Japani, na kitabu chake kiko kwa Kijapani au hakipo kabisa. Anza na kifuniko cha oili, kisha tafuta kitabu cha aina ya gari lako na injini yake. Kumbuka pia kwamba oili za 0W-20 kwa kawaida ni sinthetiki au nusu sinthetiki. Gari likidai hiyo, uamuzi umeshafanywa na aliyelitengeneza.

Jambo la pili ni herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya. SL ilianza 2001, SN 2010 na SP 2020. Kwa dizeli, CF-4 ni ya 1990, CI-4 ya 2002 na CK-4 ya mwisho wa 2016. Ukiona kopo limeandikwa SF, jua kwamba API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1988. Kama gari lako ni la 2014, umenunua dawa ya babu kumpa mtoto.

Oili ya kawaida yenye uzito sahihi na kiwango sahihi ni bora kwa gari lako kuliko sinthetiki yenye namba zisizolihusu.

Barabara zetu ni ngumu

Sasa tuzungumze kuhusu hapa kwetu, kwa maana gari la Kericho au Bomet haliishi kama gari la Nairobi.

Sisi tuko milimani. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu iko takriban mita 1,130. Anayeshuka Kapsoit hadi Awasi na Ahero na kurudi jioni na mzigo amepandisha gari lake karibu mita 900. Anayetoka Soin kwenye joto kuja Ainamoi anajua jinsi sindano ya joto inavyocheza. Vivyo hivyo kwa barabara za Konoin, Bureti na Kipkelion, ambako ukitoka tu kwenye lami ni mlima, tope au vumbi.

Halafu kuna safari fupi. Mama anawasha gari asubuhi, anapeleka majani kituoni kilomita mbili, anazima, anarudi. Tunadhani safari fupi hazichoshi gari. Ukweli ni kinyume. Injini isipopata moto kamili, unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili. Ndiyo maana ukifungua kifuniko unaona povu jeupe kama maziwa. Povu kidogo kwenye kifuniko wakati wa mvua ni unyevu wa safari fupi. Lakini kijiti cha kupimia oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, simamisha gari na umwite fundi, huenda maji ya rejeta yameingia kwenye injini.

Toyota kule Japani huwaambia wenye magari ya petroli yasiyo na tabochaja wabadilishe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa matumizi magumu, wanasema nusu yake: kilomita 7,500 au miezi 6. Matumizi magumu ni yapi? Barabara mbaya, milima mingi, na safari fupi za kilomita 8 au chini kurudiwa rudiwa. Nilipoyasoma hayo nilicheka. Walikuwa wanaeleza maisha yetu neno kwa neno.

Kwa hivyo, ukisikia kwamba oili fulani inakwenda kilomita 15,000, hiyo ni ahadi ya barabara nyingine.

Tupige hesabu

Wacha tuchukue gari dogo la petroli la lita 1.5, aina ambayo imejaa stendi zetu. Injini yake huchukua kati ya lita 3.5 na 4. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, weka za duka lako.

Tuseme lita 4 za oili ya kawaida ni shilingi 2,800 na za sinthetiki ni 5,600. Filta ni 600 na fundi ni 400. Gari linakwenda kilomita 20,000 kwa mwaka.

Ukitumia ya kawaida na kubadilisha kila kilomita 5,000, utabadilisha mara 4. Kila mara ni 3,800, kwa hivyo mwaka ni 15,200.

Ukitumia sinthetiki na kubadilisha kila kilomita 7,500, kila mara ni 6,600, na mwaka unakugharimu takriban 17,600. Tofauti ni 2,400 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kwa mwezi. Si pesa ya kuogopesha kwa mtu ambaye gari lake linabeba mzigo mlimani kila siku.

Lakini ukitumia sinthetiki na bado ukaibadilisha kila kilomita 5,000 kwa mazoea, utalipa 26,400. Umeongeza zaidi ya shilingi 11,000 na huenda injini isione tofauti kubwa.

Kuna hesabu ya nne, na ndiyo inayotuumiza. Mtu anatia oili ya kawaida, kisha anaiacha hadi kilomita 10,000. Anatumia 7,600 na kujipongeza kwamba ameokoa nusu. Huyo hajaokoa kitu. Amekopa kwa injini, na injini hudai deni lake lote siku moja.

Nani achague ipi?

Kama gari lako ni la petroli la miaka ya karibuni, au kitabu chake kinataka 0W-20, au ni la haibridi, tumia sinthetiki. Hakuna mjadala.

Kama gari lina tabochaja, liwe la petroli au pikapu ya dizeli, sinthetiki ina faida ya kweli. Tabochaja huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hupata moto mkali. Oili dhaifu huungua humo na kuacha masizi. Hata ukitumia oili nzuri, ukimaliza kupanda mlima na mzigo, acha injini inguruma polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Kama dizeli yako ina chujio la masizi kwenye ekzosi, kama magari mengi mapya ya dizeli kutoka Japani na Ulaya, tafuta oili yenye majivu machache iliyotajwa kwenye kitabu chake. Oili isiyo hiyo, hata iwe sinthetiki ya bei ya juu, huziba chujio.

Kama gari ni la zamani, injini rahisi isiyo na tabochaja, na kitabu kinaruhusu 15W-40 au 20W-50, oili ya kawaida yenye kiwango sahihi, ikibadilishwa kila kilomita 5,000 au miezi 6, inatosha. Pesa utakayobakisha, nunua filta halisi ya oili na ya hewa. Vumbi la murramu la Januari likipita kwenye filta ya hewa iliyochoka husaga silinda kama mchanga kwenye unga, na hakuna oili itakayolizuia.

Kama gari tayari linakula oili, linatoa moshi wa buluu au linavuja, usitarajie sinthetiki ilitibu. Itavuja kwa bei ya juu zaidi. Tengeneza kwanza.

Sasa ninyi vijana wa bodaboda. Pikipiki nyingi tunazoendesha hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi, na kiasi chake ni karibu lita moja tu. Lita hiyo moja inafanya kazi tatu, kwa hivyo huchoka mapema. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Oili nyingine za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi yako inahitaji msuguano ili ishike. Ndiyo maana mtu anatia oili ya gari, kisha analalamika pikipiki inanguruma lakini haipandi mlima. Kwa anayebeba abiria kutwa nzima, oili ya kawaida ya pikipiki ikibadilishwa mapema ni bora kuliko sinthetiki inayoachwa hadi iishe.

Mambo tunayoambiwa gereji

Tunaambiwa ukishatumia sinthetiki huwezi kurudi kwa ya kawaida. Si kweli. Unaweza kubadilisha, na hata kuchanganya kwa dharura ukiwa umekwama njiani usiku. Mchanganyiko hautaharibu injini, ila utapoteza ubora uliolipia.

Tunaambiwa sinthetiki hufanya gari la zamani livuje. Oili za sinthetiki za mwanzo, za miaka ya 1970, zilisumbua mipira ya kuzuia uvujaji. Za leo zimerekebishwa. Lakini kama tope lilikuwa limeziba ufa wa zamani, oili yenye dawa nyingi za kusafisha inaweza kuufichua. Ufa ulikuwepo.

Tunaambiwa oili ikiwa nyeusi imekufa. Kwa dizeli, oili hugeuka nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Fuata kilomita na miezi. Andika tarehe na kilomita kwenye kikaratasi na ukibandike karibu na usukani.

Jihadhari na oili ghushi

Narudi kwa mtungi wa baba. Oili ghushi hupenda kuvaa nguo ya sinthetiki kwa sababu ndipo faida ilipo. Fanyeni haya.

Nunua kwenye duka lenye anwani na udai risiti. Angalia kizibo na ukanda wake, uone kama vimefunguliwa. Linganisha namba ya toleo kwenye kopo na ile ya kwenye boksi. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS. Unaweza kuihakiki kwa simu: andika SM, alama ya reli, kisha namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, utume kwa 20023. Bei ikiwa nusu ya majirani wote, jiulize kwa nini.

Oili ikiwekwa, simama pale. Mwone fundi akifungua kizibo mbele yako. Kisha uondoke na makopo yako, au uyatoboe kabla ya kuyaacha. Kopo safi lisilotobolewa ndilo linalorudi sokoni likiwa limejazwa uchafu. Tukitoboa makopo yetu, tutakuwa tumemnyima mwizi chombo cha kazi.

Haki hii si ya kuomba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa habari. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inafanya biashara hiyo kuwa kosa. Na Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Ukiuziwa oili unayoishuku, usiimwage kwa hasira. Weka kopo, oili iliyobaki na risiti, uvilete ofisi ya biashara ya kaunti. Bila hivyo vitatu, hata afisa mwenye nia njema atakosa pa kuanzia.

Oili chafu iende wapi?

Jambo la mwisho, nalo linawagusa hata wasio na gari. Oili iliyotumika ina chembe za metali na masalia ya kuungua, na baadhi yake yanaweza kusababisha saratani. Shirika la kulinda mazingira la Marekani husema oili ya gari moja ikibadilishwa mara moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji.

Sisi tunaishi kwenye vyanzo vya maji. Unachomwaga kwenye mtaro wa Bomet mjini kinaingia Nyangores na kwenda hadi Mara. Unachomwaga pembezoni mwa Itare au Kipsonoi kinafika Sondu, kisha ziwani. Kabla ya kufika huko kimepitia mahali ng'ombe wa mtu wanapokunywa na mama anapochota maji.

Najua wengi wetu hupaka oili chafu kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile. Ni desturi ya zamani, lakini mvua zetu huiosha na kuipeleka kwenye shamba la mboga. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli, na uipeleke kwenye gereji inayouza oili chafu kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA. Mwulize fundi wako anaipeleka wapi. Akikosa jibu, ni vyema uendelee kumwuliza kila unapokwenda.

Kwa kufunga

Mzee wangu bado yuko, na pikapu ile aliiuza zamani. Juzi nilipomwambia nakuja kuzungumza juu ya oili, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Waambie wasome kopo lote, wasisome neno moja."

Kwa hivyo, ukienda dukani wiki hii, uliza kwa mpangilio huu. Gari langu linataka uzito gani? Linataka kiwango gani cha API au JASO? Oili hii ni halisi? Nitaibadilisha lini? Ukishajibu hayo manne, ndipo uulize sinthetiki au ya kawaida, na utaona kwamba mara nyingi jibu limeshajitokeza.

Bonasi ikija, itoshe karo kwanza. Injini itunzwe kidogo kidogo mwaka mzima, isije ikaidai yote siku moja.

Mwende salama, na mteremke polepole, barabara ni telezi.